Mama atameza iodini yenye mionzi: je, nimhamishe nyumbani?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Aliondolewa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kwa sababu ya saratani, na sasa ameambiwa atalazwa peke yake chumbani siku chache ili ameze kidonge cha iodini chenye mionzi. Mionzi si ndiyo hiyohiyo inayoleta saratani? Tunaishi naye, nina mtoto wa miaka miwili asiyebanduka kwa bibi yake, na mimi mwenyewe nina mimba ya miezi mitano. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mwaka jana baba alidungwa sindano ya mionzi ili apimwe mifupa, na jioni ileile akarudi akala na sisi. Mbona baba aliachiwa na mama anafungiwa? Ndugu wananiambia nimhamishe mama kabisa.

Jibu: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na lile linalokukosesha usingizi: usimhamishe mama kabisa. Zipo siku ambazo wewe na mwanao mtapaswa kukaa mbali naye, na kwa ajili ya hiyo mimba sitakupunguzia hata moja. Lakini ni siku za kuhesabika, na zikiisha mtoto atarudi mapajani kwa bibi yake kama zamani.

Swali la baba ndilo lililonifurahisha, maana ukilielewa hilo mengine yanafunguka yenyewe. Baba na mama wote "wamepewa mionzi", lakini kusema mionzi tu ni kama kusema mnyama: paka yumo na chui yumo. Mimi nikitajiwa mionzi huuliza kwanza ni isotopu gani, kisha nauliza inakwenda kukaa wapi mwilini, inarusha nini, na inadumu muda gani. Nikishapata majibu hayo ndipo najua kama niogope.

Isotopu ni ndugu wa elementi moja. Ndani ya kiini cha atomi zao, chembe ziitwazo protoni ni idadi ileile, ila chembe ziitwazo neutroni zinapishana. Baadhi ya ndugu hao viini vyao havijatulia, na ili vitulie hurusha nguvu nje. Hicho kinachorushwa ndicho mionzi.

Baba, kwa unavyoeleza, karibu hakika alidungwa teknetiamu-99m. Kazi yake ni kuonyesha tu, haitibu. Hurusha miali ya gama inayopenya mwili na kutoka nje, ambako kamera inaisubiri. Peke yake haiendi mifupani, kwa hiyo hufungwa kwenye kemikali ya jamii ya fosfeti ambayo mfupa huivuta, hasa pale unapojijenga upya: penye ufa, au penye saratani iliyotua. Ndiyo maana baba alisubirishwa saa mbili tatu baada ya sindano huku akihimizwa kunywa maji na kukojoa. Dawa iliyobaki kwenye damu ilikuwa inatolewa ili picha ya mifupa itoke safi.

Sasa angalia saa. Nusu ya atomi za teknetiamu-99m huishiwa kila baada ya saa 6. Muda huo tunauita nusu-uhai. Kama baba alidungwa saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri ilibaki nusu. Saa tatu usiku robo. Saa tisa usiku sehemu moja ya nane, na kesho yake saa tatu asubuhi sehemu moja ya kumi na sita, na hapo sijahesabu ile aliyoikojoa. Hospitali nyingi humwambia mtu kama baba asipakate mtoto mdogo kwa muda mrefu usiku huo wa kwanza, basi. Hakuna aliyewadanganya.

Kitu kinachokufa haraka hivyo hakiwekwi stoo. Hospitali hununua mzazi wake, molibdeni-99, ambaye hugeuka polepole kuwa teknetiamu hiyo, na nusu-uhai wake ni saa 66. Mzazi hukaa ndani ya chupa iliyofunikwa kwa risasi, ile metali nzito, na kila asubuhi tunapitisha maji ya chumvi juu yake. Teknetiamu iliyozaliwa usiku hutoka na maji hayo, molibdeni hubaki. Chupa hiyo sisi tunaiita ng'ombe, na kazi hiyo ni kukamua. Ng'ombe mmoja hukamuliwa kwa wiki hivi, kisha hukauka. Mbinu hii ilibuniwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya vipimo vya aina hii duniani.

Mama sasa. Yeye atameza iodini-131, na hapa mambo ni mengine.

Iodini ndiyo yale madini joto yanayotiwa kwenye chumvi. Tezi ya thairoidi inaihitaji ili itengeneze homoni zake. Homoni kuu ina atomi nne za iodini ndani yake. Kwa hiyo seli za tezi hiyo zina milango maalumu inayovuta iodini kutoka kwenye damu, na hakuna sehemu nyingine ya mwili inayoivuta na kuitunza kama zile. Seli za saratani zilizozaliwa na tezi hiyo mara nyingi hubaki na milango hiyohiyo, hata zikihamia kwenye mitoki ya shingo au kwenye mapafu. Kisu cha mpasuaji hakizioni, lakini iodini inajua njia ya kwenda kwao.

Iodini ya kawaida ina protoni 53 na neutroni 74. Iodini-131 ina protoni zilezile 53, ila neutroni ni 78. Seli haina uwezo wa kutofautisha, kwa sababu kemia haihesabu neutroni. Huifungulia mlango na kuihifadhi. Halafu, ndani kwa ndani, neutroni moja hugeuka protoni, ile atomi huwa si iodini tena bali gesi ya zenoni, na elektroni moja huchomoka kwa kasi kubwa. Hiyo ndiyo chembe ya beta. Katika nyama ya mwili nyingi hazifiki hata milimita moja, na zinazokwenda mbali kabisa hufika kama milimita 2. Nguvu yote huishia hapo hapo, ndani ya seli iliyoikaribisha na jirani zake wa karibu. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado jambo hili linanishangaza kila ninapolifikiria: dawa inayokwenda yenyewe hadi kwa adui ambaye hakuna mtu aliyemwona.

Lakini iodini-131 hurusha na gama pia, tena yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya teknetiamu. Hiyo hutoka mwilini na kumfikia aliye karibu. Nusu-uhai wake ni siku 8, si saa 6. Na kiasi anachopewa mgonjwa wa saratani ni kikubwa, mara nyingi megabekereli 1,100 hadi 3,700 na wakati mwingine zaidi, maana kila sekunde megabekereli moja ni atomi milioni moja zinazolipuka. Zaidi ya hayo, iodini isiyopata mlango wa kuingia hutoka kwa mkojo, mate na jasho. Ikimgusa mtoto ikaingia mdomoni, mtoto naye ana tezi ya thairoidi inayongoja madini joto. Hivyo ndivyo mama anavyofungiwa na baba akaachiwa.

Kuhusu mionzi kuleta saratani: ndiyo, huleta, na isotopu hii hii imeshafanya hivyo. Mtambo wa Chernobyl ulipolipuka mwaka 1986, iodini-131 ilianguka kwenye majani, ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa. Hadi mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati ule, katika Belarusi, Ukraine na maeneo ya Urusi yaliyoathirika, walikuwa wamegunduliwa na saratani ya thairoidi, na sehemu kubwa ya kesi hizo inatokana na iodini ile.

Inakuwaje basi kitu kimoja kilete na kiondoe? Chembe ya beta hukata nyuzi za urithi ndani ya seli. Seli iliyokatwa kidogo hujishona, na mara chache hujishona vibaya. Ikiendelea kuishi na kosa hilo, hapo ndipo saratani huweza kuanzia miaka mingi baadaye. Iliyokatwa kila mahali hufa. Watoto wa Chernobyl walipata kiasi cha kujeruhi tezi changa iliyokuwa bado inakua. Mama anapewa kiasi cha kuua mabaki ya tezi. Seli mfu haizai saratani.

Sehemu nyingine za mwili wake zitapata mionzi kiasi, hasa tezi za mate, tumbo na kibofu, kwa hiyo ipo hatari ndogo ya saratani nyingine baadaye, na huongezeka kadiri dozi zinavyorudiwa. Kwa sababu hiyo siku hizi saratani ndogo ya thairoidi isiyosambaa mara nyingi haipewi iodini kabisa. Una haki ya kumuuliza daktari wa mama, kwa adabu na bila woga: ni nini katika majibu ya upasuaji kinachofanya mama aihitaji? Daktari mzuri ana jibu la swali hilo mkononi. Muulize pia aina ya saratani. Aina mbili za kawaida, ile ya papila na ile ya folikuli, kwa kawaida huvuta iodini. Ile inayoitwa medula haivuti, na kumpa mgonjwa wake kidonge hiki ni kumsumbua bure.

Niruhusu nikupe habari moja, kwa sababu ni ya mtoto na mama yake. Iodini-131 iligunduliwa mwaka 1938 huko Berkeley, Marekani, na John Livingood pamoja na Glenn Seaborg. Mwaka huohuo Seaborg huyo, safari hii na Emilio Segrè, akaitambua teknetiamu-99m. Yaani dawa ya mama yako na kipimo cha baba yako vilipita kwenye mikono ya mtu mmoja katika mwaka mmoja. Mwaka 1941 daktari Saul Hertz wa Boston akaanza kuwatibu kwa iodini yenye mionzi wagonjwa ambao tezi yao inafanya kazi kupita kiasi. Baadaye Seaborg alisimulia kwamba mama yake mzazi aliugua thairoidi, akatibiwa kwa iodini aliyoigundua mwanawe, na maisha yake yakarefuka.

Turudi kwa mama yetu. Kazi kubwa ni ya wiki zinazotangulia kidonge. Milango ya seli lazima iwe na njaa ya iodini, kwa hiyo kwa wiki moja au mbili atapunguza vyakula vyenye madini joto mengi: chumvi ya kawaida ya dukani, vyakula vya baharini, maziwa, mayai. Hospitali itampa orodha yao, mfuate hiyo. Lazima pia milango ichochewe na homoni inayotoka ubongoni, ambayo hupanda ama kwa kusimamisha dawa ya thairoidi wiki tatu hadi nne, ama kwa sindano maalumu mbili. Akisimamishiwa dawa atakuwa mzito, atahisi baridi, atavimba uso, na pengine atalia bila sababu. Msidhani ni mionzi. Kidonge kitakuwa hakijaguswa bado. Ni mwili unaoishi bila homoni, na utarejea dawa zikirudi.

Kuna kosa moja ninalotaka ulizuie wewe mwenyewe. Niliwahi kumpokea mgonjwa aliyefunga chakula wiki mbili bila kukosea siku hata moja. Tulipompiga picha baada ya kidonge, shingo ilikuwa kama haikupokea kitu. Kuuliza vizuri, kumbe wiki tatu nyuma alikuwa amepigwa picha ya CT mahali pengine, akadungwa dawa ya kung'arisha picha. Dawa ile imejaa iodini. Seli zilikuwa zimeshiba, zikafunga milango, na dozi yake ikaishia kwenye mkojo. Alilia, nami niliumia pamoja naye, maana ilibidi asubiri miezi na kuanza upya. Mama akiwa amepigwa CT yenye sindano katika miezi miwili mitatu iliyopita, semeni kabla ya siku ya kidonge. Semeni hata asipouliza mtu.

Siku yenyewe haina makeke. Kidonge huletwa ndani ya kopo la risasi, kopo dogo lakini ukilibeba mkono unashuka. Ndani ni kapsuli kama nyingine yoyote. Haina joto wala harufu, na wala haing'ai. Mgonjwa huimimina mdomoni bila kuigusa, anameza na glasi ya maji, nami nasimama umbali wa mita moja na kipimo cha mionzi mkononi. Kabla hajameza kipimo kinalia polepole, tik, tik. Kopo likifunguliwa kinalia mfululizo. Yeye hasikii kitu chochote. Baadaye huenda akapata kichefuchefu, mdomo kukauka, ladha ya chuma, au shingo kuvimba kidogo kwa siku mbili tatu. Atakunywa maji mengi, atakojoa mara kwa mara, na kila akitumia choo atavuta maji mara mbili. Kwa mtu ambaye tezi imeshatolewa, sehemu kubwa ya iodini hutoka katika siku mbili za mwanzo. Kwa hiyo atakaporudi nyumbani mabaki ni madogo kuliko mnavyofikiria. Hatatoka mpaka kipimo kionyeshe kwamba ameshuka chini ya kikomo cha sheria.

Nyumbani silaha yenu ni umbali. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mama badala ya 1, unapokea robo. Mita 3, sehemu moja ya tisa. Kumpita kwenye korido si tatizo. Tatizo ni kulala naye kitanda kimoja au kumlaza mtoto kifuani pake masaa. Alale peke yake, awe na kikombe na taulo lake, nguo zake zifuliwe peke yake, mikono aioshe vizuri baada ya choo. Vyombo vikioshwa kwa sabuni vimeoshwa; hakuna haja ya kuvitupa.

Wewe na mimba yako: usimuuguze katika siku hizo. Kichanga tumboni huanza kuvuta iodini tangu wiki ya 10 hadi 12, na wewe umeshapita hapo. Mtafuteni mtu mzima asiye mjamzito amsaidie mama, usafi wa choo na nguo ufanywe naye au na mama mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili haelewi "kaa mbali na bibi", kwa hiyo kama kuna shangazi wa kumchukua kwa siku hizo, ni rahisi zaidi kumtoa yeye kuliko kumtoa mama. Zitakuwa siku ngapi? Kwa watoto na wajawazito huwa kati ya siku chache na wiki tatu hivi, kulingana na dozi na kipimo cha siku ya kutoka. Daktari atamwandikia mama tarehe. Ishike hiyo tarehe, usiifupishe wala usiirefushe.

Nasema usiirefushe kwa sababu nimewahi kumwona mama mmoja aliyesukumiwa chakula mlangoni kwa miezi miwili na watoto aliowalea. Kipimo changu kilipomgusa hakikusema lolote la ajabu. Alikuja kliniki akiwa amekonda kwa upweke. Waambie ndugu zako hilo. Na mkiwa na jamaa anayetibiwa kwa mashine ya kobalti-60, ile inayommulika mgonjwa mionzi kutoka nje, waambie pia kwamba kobalti hubaki ndani ya mashine. Mgonjwa huyo hatoki na mionzi hata kidogo, akumbatiwe siku hiyohiyo.

Siku chache baada ya kidonge, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi, mama ataitwa apigwe picha ya mwili mzima. Ile gama iliyomfungia chumbani ndiyo itakayochora picha hiyo. Mtaona alama nyeusi kwenye shingo, na pengine kwenye mdomo, tumbo, utumbo na kibofu. Hizo za mdomoni na tumboni ni njia ya kawaida ya iodini, msiingiwe na hofu mkadhani saratani imesambaa. Mwacheni daktari aisome. Siku hiyo huenda tarehe yako ya kukaa mbali bado haijafika, kwa hiyo amsindikize mwingine, nawe mwombe daktari akupigie simu akueleze picha hiyo sehemu kwa sehemu.